Nani Aliwahesabu? Nchi na Watu wa Kasongo, Kabambare na Salamabila tangu 1869

1. Utangulizi

Mwenye kusoma historia ya kuenea kwa Kiswahili barani hukutana na majina ya Kasongo na Kabambare mapema sana, kisha huyaacha nyuma. Majina hayo hutajwa kama vituo vya misafara ya pembe za ndovu, na baada ya vita vya 1892–94 mwandishi huendelea na safari yake kuelekea Kisangani, Bukavu au Lubumbashi. Salamabila, iliyo katika wilaya ya Kabambare, hutajwa mara chache zaidi, na aghalabu kwa ajili ya dhahabu ya Namoya. Hivyo watu wa kusini mwa Maniema wamejulikana kwa vitu vilivyopita katikati yao: pembe, pamba, dhahabu na majeshi. Kwamba wao wenyewe ni wangapi, wanakaa wapi, na kwa nini wanakaa hapo, ni maswali yasiyoulizwa sana.

Swali la idadi huonekana jepesi. Nchini Marekani hesabu ya watu hufanywa kila baada ya miaka kumi tangu 1790, na hata wilaya ndogo kabisa ya mashambani ina mfululizo wake wa tarakimu. Wilaya ya Loving, katika jimbo la Texas, ilihesabiwa watu 67 mwaka 2000, watu 82 mwaka 2010 na watu 64 mwaka 2020. Mtafiti aweza kuzipanga tarakimu hizo na kuanza kueleza habari za ukame, mafuta ya petroli na kuhama kwa vijana. Kwa Kabambare njia hiyo imefungwa. Sensa ya mwisho ya Kongo nzima ilifanywa Julai 1984, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire. Miaka arobaini ilipita baada yake bila ya sensa nyingine kufanywa.

Hata hivyo, haifai kusemwa kwamba watu wa kusini mwa Maniema hawakuhesabiwa. Walihesabiwa mara nyingi, na karibu kila mara na mtu aliyetaka kitu kutoka kwao. Makala haya yanadai kwamba tarakimu zilizobaki humweleza mwenye kuhesabu kabla ya kuwaeleza waliohesabiwa. Kwa hiyo atakayetaka kuwajua watu hao hana budi kuzisoma pamoja na ushahidi wa aina mbili ambao haukukusanywa na mtoza kodi, nao ni sura ya nchi yenyewe na lugha ya wakazi wake.

2. Sura ya nchi

Maniema ni jimbo lenye eneo la kilometa za mraba 132,000 hivi, na makao yake makuu ni Kindu. Lina wilaya saba: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Upande wa kaskazini ni nchi ya msitu mnene. Kadiri msafiri anavyoteremka kuelekea kusini, msitu huo huachana na kuwa mapande, na nyasi ndefu huingia katikati yake. Kasongo na Kabambare zimo katika mpaka huo wa msitu na mbuga, kati ya latitudo ya digrii nne na tano kusini mwa ikweta. Mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na miezi ya Juni hadi Agosti ni kiangazi.

Mito miwili ndiyo inayoipa nchi hii umbo lake. Wa kwanza ni Lualaba, unaotiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, na ndio mwanzo wa mto Kongo. Wa pili ni Luama, unaotokea katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika na kushuka kuelekea magharibi hadi kuingia Lualaba, kusini ya Kasongo. Bonde la Luama ni mlango wa asili. Mtu aliyevuka ziwa kutoka Ujiji na kuipanda milima angeweza kuufuata mto huo hadi Lualaba, na ndivyo Stanley alivyofanya mwaka 1876. Kabambare ilikaa juu ya njia hiyo. Kasongo ilikaa mwisho wake, si mbali na ukingo wa mashariki wa Lualaba. Salamabila na vilima vya Namoya viko kaskazini ya Kabambare, kando ya njia hiyo ya zamani, katika miinuko ambayo misafara haikuwa na sababu kubwa ya kuipanda.

Tofauti hii ya mahali ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Kabambare na Kasongo zilikuzwa na njia. Salamabila ilikuzwa na kilichokuwamo ndani ya ardhi. Njia inapohama, watu wa njiani hupungua. Dhahabu haihami, lakini huisha, hufungwa, au hugombewa.

Wilaya ya Kabambare imegawanywa katika sehemu ndogo zenye majina ya Babuyu, Bahemba, Bahombo, Lulindi, Saramabila na Wamaza. Majina kadhaa katika hayo ni majina ya watu kabla ya kuwa majina ya ardhi. Jina la Saramabila huandikwa hivyo katika hati nyingi za utawala na za afya, ilhali kwenye habari za mgodi huandikwa Salamabila. Mtu wa pwani akilisikia jina hilo la pili huenda akasikia neno “salama” ndani yake. Maandishi ya utawala yanatosha kumwonya asijenge hadithi juu ya mfanano huo.

3. Soko la Nyangwe na kituo cha Kabambare

Tarakimu za kwanza zilizoandikwa kuhusu watu wa nchi hii zinatokana na shajara ya David Livingstone. Alifika Kabambare, mahali alipopaandika “Bambarre”, mwezi Septemba 1869, akisafiri pamoja na wafanyabiashara wa pwani akiwamo Muhammad bin Gharib. Vidonda vya miguu vilimzuia hapo kwa miezi mingi ya mwaka 1870. Mwaka uliofuata aliondoka, na mwishoni mwa Machi 1871 akafika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba.

Huko Nyangwe Livingstone alipenda kukaa sokoni na kuangalia. Wengi wa waliokuja sokoni walikuwa wanawake, wakileta samaki, mihogo, vyungu, chumvi na kuku, na baadhi yao walivuka mto kwa mitumbwi. Siku ya tarehe 15 Julai 1871 alikadiria kuwa watu wapatao 1,500 walikuwa wamekusanyika. Siku hiyohiyo watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliwafyatulia risasi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama mtoni, kuwa kati ya 330 na 400. Basi kurasa za mwanzo kabisa za hesabu ya watu wa Maniema zina hesabu mbili za siku moja, ya waliokwenda sokoni na ya waliouawa humo.

Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874, na Stanley akafika mwaka 1876. Kufikia wakati huo Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikuwa amejiimarisha Kasongo. Katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, kinachohesabiwa kwa uangalifu ni pembe: frasila ngapi, kwa bei gani, kutoka kwa mtemi gani. Watu huhesabiwa kwa bunduki. Mkubwa ni yule mwenye watu wenye bunduki mia kadhaa, na mdogo ni yule mwenye chache. Mlimaji, mke wake na watoto wao hawamo katika hesabu hiyo, ingawa ndio waliolima mpunga uliolisha misafara.

Mashamba hayo yalikuwa makubwa. Daktari Sidney Hinde, aliyefuatana na jeshi la Dola Huru ya Kongo, aliikuta Kasongo ikiwa imezungukwa na mashamba ya mpunga, mahindi na miwa, pamoja na bustani za matunda, na alikadiria wakazi wake kuwa makumi ya maelfu. Makadirio ya askari anayeusifu mji alioshiriki kuuteka yapasa kupokewa kwa tahadhari. Hata hivyo yanaonyesha jambo moja bila shaka, kwamba mji ule ulikuwa umewavuta watu kutoka vijiji vingi, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Wengi wao hawakuwa wenyeji wa hapo kwa kuzaliwa.

Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo ikaanguka Aprili mwaka huo, zote mikononi mwa jeshi la Francis Dhanis. Kabambare ilitekwa Januari 1894, baada ya kushindwa kwa Rumaliza. Mwaka 1898 Kabambare ilitekwa tena, safari hii na askari walioasi katika jeshi lenyewe la Dola. Mji wa kale wa Kasongo uliachwa, na mahali pake pakaitwa Tongoni. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa tongo ni mahame, na Tongoni nyingine ipo karibu na Tanga, yenye msikiti na makaburi ya zamani. Jina hilo ni taarifa ya hesabu iliyotolewa na wakazi wenyewe: hapa palikuwa na watu, nao wakahama.

4. Wamanyema ni nani?

Wakati watu wa nyumbani wakipungua na kutawanyika, jina lao lilikuwa likikua ugenini. Wapagazi, askari, watumwa, wake na wafuasi wa misafara waliotoka magharibi ya Ziwa Tanganyika waliitwa Wamanyema. Walikaa Ujiji na Kigoma, Tabora, Bujumbura, Dar es Salaam na Zanzibar. Katika Dar es Salaam ya wakati wa Waingereza Wamanyema walikuwa na chama chao, na msikiti wa Manyema unajulikana hadi leo katika mitaa ya Kariakoo. Katika Bujumbura, mtaa wa Buyenzi ulikuwa mojawapo ya makao ya Waswahili, wengi wao wakiwa na asili ya ng’ambo ya ziwa.

Watawala wa Tanganyika waliwaorodhesha Wamanyema miongoni mwa makabila. Lakini mtu aliyevuka ziwa na kufika Kabambare asingelikuta kabila hilo. Angewakuta Wabangubangu, Wabuyu, Wahemba na Wahombo. Na Kasongo angewakuta Wazimba, Wakusu na wengineo. Neno lililokuwa jina la nchi liligeuka kuwa jina la kabila kwa sababu tu watu wake walikuwa mbali, na mwenye kuwahesabu hakuwa na sababu ya kuwauliza walitoka mto gani.

Kwa mtazamo wa historia ya idadi ya watu, jambo hili si dogo. Sehemu ya watu wa Maniema ya kusini iliyoondoka kati ya 1870 na 1894 haipotei kabisa katika maandishi. Huonekana upya Ujiji na Dar es Salaam, chini ya jina ambalo nyumbani halikutumika kwa maana hiyo. Anayetaka kukadiria nchi ilipoteza watu kiasi gani itambidi asome orodha za Tanganyika na Burundi pamoja na zile za Kongo.

5. Kodi, pamba na reli

Utawala wa Kibelgiji ulileta hesabu ya aina mpya. Sheria ya 1910 iliwatambua machifu kuwa vyombo vya serikali, na kodi ya kichwa ikatakiwa kutolewa kwa fedha. Kodi ya kichwa haitozwi bila ya kujua vichwa. Kila kijiji kikawa na orodha, na kila mwanamume mzima akawa na kadi yake katika ofisi ya wilaya. Kadi hiyo ilionyesha kama amelipa, kama yuko kijijini, na kama anafaa kwa kazi. Mwanamume mwenye nguvu ndiye aliyekuwa kitovu cha hesabu hiyo. Wazee, wanawake na watoto waliandikwa wakimzunguka yeye.

Matumizi ya orodha hizo yalionekana upesi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza mashariki ya Kongo ilitakiwa kutoa wapagazi wengi sana kwa ajili ya majeshi yaliyoelekea Tabora, mji uliotekwa Septemba 1916. Mwaka 1917 ikatolewa sheria ya kilimo cha lazima. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kongo kujaribiwa pamba, na Kasongo ikawa nchi ya pamba kwa miongo kadhaa. Kwa mlimaji, kuandikwa katika orodha kulimaanisha shamba la pamba lililopimwa, siku za kazi zilizohesabiwa, na faini au kifungo kwa anayekosa.

Kuna matokeo mawili yanayofuata. La kwanza ni kwamba watu walikuwa na sababu njema ya kutoonekana. Kujenga mbali na barabara, kuhamia kwa wajomba siku ya hesabu, au kuvuka mpaka wa chifu mmoja kwenda kwa mwingine vilikuwa njia za kujilinda. Kwa hiyo tarakimu ndogo katika orodha ya kijiji yaweza kuwa dalili ya ugonjwa au ya njaa, na yaweza pia kuwa dalili ya watu wenye akili. La pili ni kwamba serikali iliwasogeza watu barabarani ili wawe rahisi kuhesabika, na sehemu ya vijiji vinavyoonekana leo vikiwa vimepangwa mstari kando ya njia ni kazi ya wakati huo.

Njia zenyewe nazo zilikuwa zimehama. Reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo, yenye urefu wa kilometa 355 hivi, ilijengwa na kukamilika karibu na 1910. Ilipita ukingo wa magharibi wa Lualaba, kupitia Kibombo na Samba, na Kasongo ikabaki ng’ambo. Reli nyingine, kutoka Kabalo hadi ziwani, ilifika mwaka 1915 na kuchukua mizigo ambayo zamani ilipita katika bonde la Luama. Kabambare, iliyokuwa mlangoni, ikawa pembeni. Ni mambo machache yaliyobadili jiografia ya watu wa nchi hii kama reli hizo mbili ambazo hazikupita kwao.

Kati ya 1955 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya uchunguzi wa idadi ya watu katika Kongo nzima kwa kuchagua sampuli. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake kuulizwa kwa utaratibu habari za uzazi wao na za watoto waliofariki. Swali la idadi lilianza, walau kwa sehemu, kuachana na swali la kodi.

6. Namoya na kukua kwa Salamabila

Dhahabu ya Namoya ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1930, kwanza kwenye changarawe za vijito na baadaye kwenye mwamba. Uchimbaji wa mwamba uliendelea kutoka 1947 hadi 1961. Mgodi huwa na hesabu yake, nayo huanza kwa waajiriwa, kisha familia zilizoruhusiwa kukaa kambini, kisha gramu. Mtu asiyeajiriwa anayekaa karibu na mgodi hana mahali katika hesabu hiyo isipokuwa kama mvamizi.

Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa shirika moja, SOMINKI. Bei ya bati ilipoanguka katika miaka ya 1980 shirika hilo lilidhoofika, na wachimbaji wadogo wakazidi kuingia katika milima iliyoachwa. Mwaka 1996 kampuni ya Banro ya Kanada ilizinunua haki za SOMINKI. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikazifuta mwaka 1998, na mwaka 2002 yakafikiwa mapatano yaliyozirudisha. Katika miaka hiyo yote karatasi zilikuwa mijini mbali, na shimo lilikuwa mikononi mwa wachimbaji.

Salamabila ilikua katika pengo hilo. Dhahabu ya wachimbaji wadogo huita vijana kutoka Kasongo, Fizi, Kongolo na kwingineko, na nyuma yao huja wanunuzi, wapishi, wachuuzi wa mafuta na sabuni, mafundi wa baiskeli na walimu wa chuo. Mkazi wa namna hii huenda akakaa miezi mitatu au miaka ishirini. Yeye mwenyewe hajui siku anayofika. Kijiji cha kulima mpunga huweza kuhesabiwa kwa nyumba. Mji wa machimbo hauhesabiki hivyo, kwa sababu nyumba moja hulaza watu wa zamu mbili, na shimo jipya likifunguliwa mlima wa pili nusu ya mtaa huondoka kwa siku chache.

Mgodi mkubwa ulirudi Namoya katika miaka ya 2010, na uzalishaji wa kibiashara ukatangazwa kuanza Januari 2016. Milima iliyokuwa na majina ya wachimbaji, kama Mwendamboko, Kakula na Muviringu, ikawa ndani ya mipaka ya kampuni. Mgogoro ulifuata. Kundi lenye silaha lililojiita Mai-Mai Malaika lilidai kutetea haki za wenyeji, na lenyewe likawatesa wenyeji. Wafanyakazi wa mgodi walitekwa nyara mwaka 2017, mapigano yakarudiarudia, watu wakakimbilia porini na Kasongo, na Septemba 2019 shughuli za mgodi zikasimamishwa.

7. Watoto wa Kasongo

Kuna hesabu moja iliyofanywa katika nchi hii ambayo haikutaka kodi, pamba wala dhahabu. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Kongo na wa Ubelgiji walianzisha Kasongo mpango wa afya ya msingi, kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp. Walitaka kujua kama chanjo ya surua ilikuwa ikipunguza vifo vya watoto wadogo, na ili kulijua hilo iliwapasa kumfuata kila mtoto kwa jina na kwa umri wake. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Yalizua mjadala mrefu miongoni mwa wataalamu wa afya duniani, kuhusu kama mtoto aliyeokolewa na surua huokoka kweli, au hufa baadaye kwa ugonjwa mwingine.

Mjadala huo hauhusiki hapa. Linalohusika ni kwamba mji mdogo wa mashambani, usio na reli wala barabara ya lami, ulitoa tarakimu zilizosomwa duniani kote. Iliwezekana kwa sababu mwenye kuhesabu alirudi nyumba ileile mara kwa mara, na kwa sababu mama aliyeulizwa alikuwa na faida ya kujibu kweli. Mama wa orodha ya kodi hakuwa na faida hiyo.

Sensa ya taifa ya Julai 1984 ilizikuta sehemu hizi zikiwa bado ndani ya jimbo la Kivu. Eneo ambalo mwaka 1988 lilifanywa kuwa jimbo la Maniema lilionekana kuwa na watu zaidi kidogo ya 800,000, yaani watu sita hivi kwa kila kilometa ya mraba. Kisha zikaja vita vya 1996–97 na vya 1998–2003, na tarakimu hiyo ikabaki kuwa msingi wa makadirio yote.

Nafasi ya sensa imejazwa na orodha nyingine. Maeneo ya afya, likiwamo la Saramabila, hukadiria watu wake kwa ajili ya chanjo na dawa. Tume ya uchaguzi huandikisha wapiga kura, na viti vya bunge hugawanywa kwa kufuata idadi ya walioandikishwa. Kadi ya mpiga kura ikawa kwa miaka mingi ndiyo kitambulisho cha raia. Mtu wa Salamabila aliyekuwa porini wakati wa kuandikishwa alikosa kura na kadi, na wilaya yake ikahesabiwa kuwa ndogo kuliko ilivyo. Kutohesabiwa, ambako kwa babu yake kulikuwa kinga dhidi ya pamba, kwake ni hasara.

8. Lugha kama ushahidi

Kiswahili cha nchi hii huitwa Kingwana, jina litokanalo na wangwana, yaani watu walio huru. Mmisionari John Whitehead alichapisha sarufi yake mwaka 1928. Jina lenyewe lina habari ya kijamii ndani yake. Mtu aliyechukuliwa kwa nguvu kutoka kijijini kwake, akafika Kasongo, akasilimu na kujifunza lugha ya msafara, aliweza kujiita mngwana au walau kuwaita wanawe hivyo. Wabelgiji waliwaweka watu hao katika fungu la “walioarabishwa” na kuwatazama kwa shaka. Armand Abel bado aliwafanyia uchunguzi chini ya mtazamo huo katika kitabu chake juu ya Waislamu wa Maniema cha 1960.

Mpaka wa Kingwana na lugha za wenyeji hufuata mpaka wa njia za kale. Kasongo Kiswahili kimekuwa lugha ya kwanza ya watu wengi, na husemwa kuwa karibu zaidi na cha pwani kuliko Kiswahili cha miji ya migodi ya Katanga. Vijijini Kibangubangu, Kizimba na Kibuyu huendelea kama lugha za nyumbani. Machimboni Salamabila Kiswahili ni lugha ya bei, ya zamu na ya ugomvi, kwa kuwa hakuna lugha nyingine inayowaunganisha waliotoka pande nne. Kwa hiyo mtafiti akipita kijiji kwa kijiji na kuuliza ni lugha gani mtoto husemeshwa na bibi yake, atapata ramani ya uhamaji wa vizazi vitatu ambayo haimo katika kadi yoyote ya wilaya.

Majina ya mahali nayo hufanya kazi hiyohiyo. Tongoni ni jina la Kiswahili lililopewa mahame. Bahombo ni jina la watu ambao Stanley aliiandika nchi yao kuwa Uhombo. Saramabila na Salamabila ni jina moja lililopita katika masikio mawili, la karani na la mgeni. Kila jina huonyesha ni nani alikuwapo wakati lilipoandikwa.

9. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kusini mwa Maniema kuna hesabu nyingi na sensa chache. Livingstone aliwahesabu waliokuwa sokoni, Tippu Tip aliwahesabu wenye bunduki, Mbelgiji aliwahesabu walipa kodi, mgodi uliwahesabu waajiriwa, na tume ya uchaguzi imewahesabu wapiga kura. Ukizipanga tarakimu hizo katika jedwali moja utapata mstari unaopanda na kushuka, lakini mstari huo hautakuwa habari ya watu walewale.

Hilo halimaanishi kwamba kazi haina matumaini. Mfano wa Kasongo unaonyesha kwamba watu hujihesabisha kwa ukweli pale wanapoona manufaa ya kufanya hivyo. Sensa ijayo ya Kongo, itakapofanywa, itafika Salamabila ikiwa na mambo mawili ya kuamua. La kwanza ni kama mchimbaji wa msimu atahesabiwa machimboni au kijijini kwao, maana uamuzi huo peke yake waweza kuongeza au kupunguza shule na zahanati za sehemu nzima. La pili ni kama dodoso litauliza lugha ya nyumbani na mahali alipozaliwa mama, au litatosheka na kabila lililoandikwa kwenye karatasi za zamani. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kulisaidia hilo la pili hata kabla ya sensa, kwa kuanza kukusanya majina ya mahali na historia za lugha za vijiji vya bonde la Luama wakati wazee wanaozijua wangali hai.